Loda ya mbele kwenye Massey 135: kisa cha trekta la Usa River

Trekta lilifika karakanani kwangu, Unga Limited, Arusha, saa nne asubuhi. Lilikuwa limeendeshwa lenyewe kutoka Usa River, kilomita kama 25, dereva kavaa koti la mvua na jua linawaka. Nyuma yake ilikuja Canter imebeba loda, yaani mikono ya chuma yenye baketi ya kuchotea na kunyanyulia mzigo, iliyofungwa kwa kamba za katani. Mwenye mali, mama mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akashuka kwenye Canter, tukasalimiana, kisha akaniambia maneno ambayo tangu nianze ufundi nimeyasikia mara nyingi mno: "Fundi, imebaki kidogo tu. Ni kuifunga."

Ilituchukua wiki tatu. Naandika kisa hiki kwa sababu nimeshapigiwa simu na watu watatu wanaotaka jambo hilo hilo, na wote wameanza na sentensi hiyo hiyo.

Shida yake ilikuwa halali kabisa. Ana ng'ombe arobaini na kitu, samadi inajaa zizini, wanunuzi wanakuja na Canter zao, na vijana watatu wenye makoleo wanatumia nusu siku kujaza gari moja. Wakati wa kushindilia majani ya sileji, chakula cha akiba cha ng'ombe, ni hivyo hivyo, koleo na jasho. Trekta analo tayari, Massey Ferguson 135 la mwaka 1972 ambalo marehemu mumewe alilinunua kutoka shamba la kahawa lililokuwa likiuza mitambo yake. Loda kaipata kwa wauza vyuma, imetolewa kwenye trekta jingine kabisa, na kusema kweli ilikuwa nzima: mikono haijapinda, jeki nne zina kromu safi, baketi ya mita moja na nusu. Hapo hakukosea.

Alikokosea ni kumwamini fundi wa kwanza, aliyemwahidi siku mbili. Huyo alishaanza kazi. Alikuwa amekata vipande viwili vya bamba, akavichomelea masikio, akavifunga kwa bolti nne pale mbele, kwenye chuma kinachoshika ekseli. Mpango wake ulikuwa mikono ya loda ishikwe na masikio hayo, oili ivutwe kutoka nyuma, kwisha. Nilipofungua bolti ya juu upande wa kushoto ilitoka na nyuzi za tundu zimeng'oka, zimejizungusha kwenye bolti kama springi ya kalamu. Massey za wakati ule zina bolti za inchi. Tundu lilikuwa la nusu inchi, yaani milimita 12.7, naye kaingiza M12, bolti ya milimita 12. Inaingia vizuri, hata kwa vidole, na ndiyo maana inadanganya: unadhani imekubali kumbe imegusa ncha za nyuzi tu. Ukikaza kwa spana ndefu, ncha zinakatika. Matundu mawili kati ya manne yalikuwa yameharibika hivyo. Tuliyatoboa upya na kukata nyuzi za saizi inayofuata kabla ya kufanya lolote lingine.

Lakini hata kama bolti zingekuwa sahihi, wazo lenyewe lilikuwa baya, na hapa lazima nieleze trekta hili limeumbwaje.

Lori lina chesisi: vyuma viwili virefu, injini imekalishwa juu yake, giaboksi imekalishwa juu yake. Massey 135 halina chesisi. Injini yenyewe ndiyo mwili. Ukianzia mbele kuna kile chuma cha ekseli, kimefungwa kwenye injini ya Perkins ya pistoni tatu, lita 2.5, hata sampu yake, karai la oili la chini, ni chuma cha kumimina, kizito, siyo bati, kwa sababu inabeba. Injini imefungwa kwenye giaboksi, giaboksi imefungwa kwenye nyumba ya difu. Kila kiungo ni bolti tu zilizopangwa kwa duara. Uti wa mgongo hasa, pingili kwa pingili. Plau inauvuta uti huo kutoka nyuma, nao umetengenezwa kwa ajili ya kuvutwa. Ukiuning'inizia mzigo puani, kila baketi inapogonga rundo unakuwa unajaribu kuukunja. Matrekta ya namna hii yameshakatika katikati, pale injini inapokutana na klachi, na linapokatika dereva yuko juu yake.

Tulipopiga tochi kwenye kiungo hicho tulikuta oili inavuja jasho kuzunguka bolti. Tatu kati yake zilizunguka bila nguvu. Loda ilikuwa haijabeba hata koleo moja bado. Ni umri na mashimo ya barabara tu. Nilimwita mama nikamwonyesha. Hakusema kitu, akamtazama dereva, na dereva akatazama barabarani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kulitengenezea trekta chesisi ambayo halikuzaliwa nayo. Tulichukua chaneli za chuma za milimita 100, moja kila upande, zikaanzia kwenye chuma cha ekseli ya mbele na kupita chini ya injini na chini ya mahali dereva anapoweka miguu, hadi kwenye mikono ya difu nyuma. Huko nyuma hazikuchomelewa. Zimekumbatia nyumba ya ekseli kwa yuboliti nene, bolti zilizopindwa kama herufi U, na bamba la kupachika. Mbele zimeunganishwa na mwamba mmoja unaopita chini, ili upande mmoja ukigonga kisiki upande wa pili nao usaidie. Nguzo za loda zimesimama juu ya chaneli hizo, karibu na nyumba ya klachi. Baketi ikipigwa, pigo linapita pembeni mwa injini, linakwenda kumalizikia kwenye difu, ambako kuna nyama ya kutosha.

Kijana wangu wa kulehemu aliniuliza kwa nini nasumbuka na yuboliti wakati mashine ya kuchomelea ipo. Chuma cha kumimina kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kikiwa cha baridi kwa fimbo za kawaida, pembeni mwa mshono kinakuwa kigumu na cha kuvunjika kama kigae. Ufa hauonekani leo, unaonekana msimu ujao. Kinahitaji kupashwa moto kwanza, fimbo za nikeli, na kupoa taratibu. Nyumba ya difu ya mwaka 1972 sitaifanyia majaribio. Yuboliti unaifungua, unaitupa, unafunga nyingine.

Baada ya mifupa ikaja damu, na hapa ndipo tulipobishana.

Haidroliki ya Massey, yaani mfumo wa kunyanyua kwa nguvu ya oili, ni urithi wa Harry Ferguson, aliyeubuni. Pampu ni ya pistoni, imekaa ndani ya difu, imezama kwenye oili ile ile ya gia, na inaendeshwa na shafti ya PTO, ile inayozungusha zana zinazofungwa nyuma. Imetengenezwa kuinua plau na kuiweka kwenye kina chake, na kwa kazi hiyo bado sijaona inayoishinda kwa pesa ile. Lakini ni pampu ya kiasi, haifiki lita 20 kwa dakika. Unaweza kuichomoa oili kutoka kwenye kifuniko cha juu ukaipeleka mbele kwa mipira, na loda nyingi za zamani ndivyo zilivyofungwa. Mama alitaka hivyo, kwa sababu ni rahisi na hakuna kinachokatwa.

Nikamchukulia vipimo vya jeki zake. Kipenyo milimita 50, mwendo milimita 600. Kila moja inameza lita 1.18, mbili kwa pamoja lita 2.36. Kwa lita 17 za dakika, baketi inatoka chini hadi juu kwa sekunde nane na zaidi, injini ikiwa imekazwa. Sekunde nane si nyingi ukizisoma. Zihesabu umekaa kwenye kiti, Canter inakusubiri, mara mia kwa siku. Halafu klachi ya trekta hili ni ya hatua mbili: ukibonyeza nusu, magurudumu yanasimama, ukibonyeza hadi chini, na pampu inasimama. Kazi ya loda ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, na dereva aliyezoea kukanyaga klachi hadi sakafuni kila mara atakuta baketi imegoma njiani. Na oili ya loda ikichafuka, vumbi la samadi lililoingia kwenye jeki linakwenda kuoga pamoja na gia zako.

Lililonimaliza mimi ni la nne. Nilikuwa nahitaji ile haidroliki ya nyuma ibaki huru, kwa ajili ya mzigo nitakaoueleza. Ukichomoa oili kienyeji bila vali ya kutenganisha, ukiinua baketi na mikono ya nyuma nayo inataka kuinuka. Huwezi kuwa na bwana mmoja anayetumwa huku na huku kwa wakati mmoja.

Nikaamua pampu ya gia ya sentimita za ujazo 20, ikae mbele, izungushwe na puli ya krenki kupitia shafti fupi yenye maungio ya mpira. Kwa mizunguko 2,000 inatoa lita 40 kwa dakika; sekunde nane zinakuwa nne. Inafanya kazi muda wote injini ikiwaka, klachi ikanyagwe isikanyagwe. Ina tangi lake na filta yake. Tatizo lake ni moja: shafti lazima ipite chini ya rejeta, na grili ya chini lazima ikatwe.

"Hapana," mama akasema. "Hiyo sura usiiguse."

Nilimwelewa. Trekta lilikuwa limepakwa rangi upya, nyekundu na kijivu, na pua ya Massey ni pua ya Massey. Tulikaa siku mbili hivyo. Mwisho dereva ndiye aliyetuamua: alipendekeza kipande kinachokatwa kiwekewe bawaba na kirudishwe kama mlango. Tukakata, tukaweka bawaba mbili za kabati. Ukipita mbali huoni kitu.

Sasa uzito. Naliweka hapa katikati ya kisa kwa sababu ndilo lililonipa usingizi mbaya, na ndilo ambalo fundi wa kwanza hakuligusa hata kwa neno.

Trekta tupu lina tani moja na nusu hivi. Nilichukulia kilo 600 ziko mbele na 900 nyuma. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 1.83. Loda yenyewe bila mzigo tuliipima kilo 320, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele. Mzigo wa samadi nilioukusudia ni kilo 300, na kitovu chake kiko mita 1.2 mbele ya ekseli hiyo. Trekta linakuwa bembea: ekseli ya mbele ndiyo gogo, na chochote unachokiweka ng'ambo ya gogo kinanyanyua upande wa pili. Loda tupu inainyang'anya nyuma kilo kama 105. Baketi ikijaa inanyang'anya nyingine 197. Nyuma, palipokuwa na 900, panabaki kama 600. Mbele, palipokuwa na 600, panafika 1,520.

Mtu ataona tairi za mbele, na kweli, zile za 6.00-16 tulizitoa tukaweka 7.50-16 zenye nguvu zaidi na rimu pana zake, tukabadilisha pini ya katikati ya ekseli na bushi yake, ambayo ilikuwa imekwisha kiasi cha kutikisika kwa mkono. Lakini hofu yangu ilikuwa nyuma. Breki za 135 ziko magurudumu ya nyuma peke yake. Gurudumu lisilokanyaga ardhi kwa nguvu haliwezi kushika breki, hata ungeweka ngozi mpya. Kila koleo unayoongeza kwenye baketi inakupunguzia breki. Na zizi la mama liko juu ya mteremko, lango la Canter liko chini.

Dawa zilikuwa mbili. Kwanza tuliingiza maji kwenye tairi za nyuma, robo tatu ya ujazo, kama lita 150 kila moja. Huku kwetu maji matupu yanatosha. Nchi za baridi wanachanganya chumvi ili yasigande. Hizo ni kilo 300 ambazo hazimwombi mtu chochote. Pili tulimimina tofali la zege la sentimita 50 kila upande, lenye pini tatu za kushikwa na mikono ya haidroliki ya nyuma. Zege la ukubwa huo lina kilo 300, na kwa kuwa linaning'inia sentimita 90 nyuma ya ekseli, linafanya kazi ya zaidi ya uzito wake: linaongeza kilo 448 nyuma na kuitua mbele kilo 148. Jumlisha: nyuma 1,348, mbele 1,372. Karibu sawa kwa sawa, baketi ikiwa imejaa. Ndiyo sababu nilitaka haidroliki ya nyuma iwe huru.

Tofali lina kero yake. Likiwa limefungwa huwezi kuvuta trela. Tuliliwekea miguu minne ya chuma ili likishushwa lisimame lenyewe, na dereva mwenye mazoea analiacha kwa dakika chache. Kwa shamba hili ambako samadi inaondoka na Canter za watu haikuwa kitu. Mwenye trekta moja na trela moja afikirie mara mbili.

Siku ya majaribio sikutumia samadi. Nilitumia mapipa ya maji, kwa sababu maji hayadanganyi: lita moja ni kilo moja. Pipa moja lililojaa na nusu ya pili, kilo 300 ukiacha mapipa yenyewe, baketi ikapanda bila kusita. Kisha nikaanza kulegeza vali ya usalama robo mzunguko kwa robo mzunguko, macho kwenye geji, hadi mapipa mawili yaliyojaa yakakataa kunyanyuka na pampu ikaanza kulia. Hapo nikafunga nati na kuipiga alama ya rangi. Jeki zile zina uwezo wa kunyanyua zaidi ya hapo, sana. Trekta ndilo lisiloweza. Nilimwambia dereva kwamba pampu ikilia si kwamba imechoka, inamkatalia.

Yeye ni mtu mzima, kanizidi miaka, na kaendesha 135 hili tangu likiwa la kahawa. Alinisikiliza kwa adabu. Alipokaa kwenye usukani na mapipa mbele akajaribu kukata kona trekta likiwa limesimama, akatoka jasho. Usukani wa trekta hili hauna msaada wa oili. Kuna namna ya kuufungia, lakini mama alikuwa ameshatumia alichotumia, tukakubaliana usukani ugeuzwe magurudumu yakiwa yanatembea tu. Ni suluhisho la maskini, nakiri.

Halafu tukateremka. Kwenye kiwanja chetu kuna mteremko mdogo kuelekea mtaroni. Trekta lina Multi-Power, ile swichi ya kupandisha na kushusha mwendo bila klachi, na dereva alikuwa kaiweka chini, kama ambavyo mtu yeyote angefanya kwa kudhani polepole ndiyo salama. Trekta likaanza kukimbia. Nilimwona akipunguza mafuta hadi mwisho na bado linakwenda, mapipa yanamwaga maji, tairi la nyuma linaburuza mchanga. Alikanyaga breki zote mbili, likasimama hatua nne kutoka mtaroni. Siku hiyo tofali lilikuwa limefungwa. Bila tofali nisingeandika hivi.

Multi-Power ikiwa chini, gia inaachia. Injini inasukuma magurudumu, lakini magurudumu hayawezi kusukuma injini; kama baiskeli unapoacha kupiga pedeli. Hakuna kushikwa na injini mteremkoni. Ikiwa juu, inashika. Kwa miaka yote ile ya plau kwenye shamba tambarare hakuwahi kupata sababu ya kulitambua hilo. Tukaandika kwa rangi nyeupe kwenye dashibodi, herufi kubwa: MTEREMKO – JUU. Na baketi ibebwe chini, usawa wa goti, si kifuani, maana mzigo ukiwa juu na gurudumu moja likaingia shimoni, trekta linalala ubavu. Hili letu halina hata fremu ya kumkinga dereva. Uswidi iliilazimisha kwa matrekta mapya tangu 1959. Nilimwekea mama bei ya fremu kwenye karatasi yake. Amesema msimu ujao.

Alirudi baada ya masika, lakini si kwa ajili ya fremu. Pembe ya kushoto ya baketi ilikuwa imekunjika kwa ndani, na sikio moja la jeki lilikuwa na ufa mwembamba kwenye mshono. Chaneli, yuboliti, bolti za nyumba ya klachi, vyote nilivigonga na kuvitazama, havikuwa vimesogea. Nikamuuliza dereva amechimba nini.

"Samadi tu, fundi."

Nikachomoa kwa bisibisi kipande cha mzizi kilichobanwa kati ya pembe na bamba, kizito, chekundu ndani, bado kina unyevu. Nikamwekea mkononi. Akakigeuzageuza.

"Kulikuwa na kisiki kidogo," akasema.